Nani Anaubeba Mzigo wa Sasumua?

Paukwa! Mmeitikia? Haya. Leo sina sungura wala fisi. Nina udongo, na msidhani nimeishiwa hadithi.

Tokeni Nairobi, piteni Limuru, acheni barabara kuu pale Flyover mshike njia ya Njabini. Huko ni Kinangop Kusini, chini ya safu ya Nyandarua, ambako asubuhi ukifungua mdomo unatoka mvuke. Hapo kuna bwawa la Sasumua. Lilijengwa miaka ya 1950 kuwapelekea wakazi wa Nairobi maji, na mpaka leo linawapelekea. Mengine ni ya kijito cha Sasumua chenyewe, mengine yameletwa kutoka mito ya Chania na Kiburu. Kinachoyazuia yasiporomoke bondeni si ukuta wa zege. Ni tuta la udongo mwekundu, uleule unaoganda kwenye soli mpaka viatu vinakuwa vizito.

Udongo huo uliwatia wahandisi wasiwasi. Walipoupima maabara waliona sehemu kubwa ni chembe za mfinyanzi, zile ndogo kabisa, tena umebeba maji mengi kupita kiasi ukilinganisha na uzito wake. Kwa ujuzi wa wakati ule, udongo wenye sifa hizo ulihesabiwa kuwa mlegevu, mgumu kupitisha maji, wa kuogopwa. Lakini nenda kauangalie palipokatwa barabara: umesimama wima, haubomoki. Ushindilie: unashika. Vipimo vinasema lake, udongo wenyewe unasema lake. Nani aaminiwe?

Suala hilo likafika kwa mzee mmoja wa miaka 70 hivi, Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, ambaye wahandisi wa dunia nzima humwita baba wa elimu ya udongo. Mwaka 1958 alichapisha makala nzima juu ya Sasumua. Nitawaambia alichokiona, lakini si sasa. Kwanza lazima tuingie ndani ya bonge la udongo, maana mkipewa jibu kabla ya kuingia humo halitawafaa kitu.

Chota udongo wa shambani siku mbili baada ya mvua. Humo mna vitu vitatu. Kuna chembe ngumu, zimegusana hapa na pale. Kati yake kuna nafasi, tuziite vitundu. Katika vitundu hivyo kuna maji, na pale ambapo maji hayakutosha kuna hewa. Udongo wa chini ya ziwa hauna hewa, kila kitundu kimejaa maji. Vumbi la kiangazi karibu halina maji kabisa. Ila sehemu kubwa ya ardhi tunayoikanyaga, na kila tuta ambalo binadamu amewahi kulishindilia, iko katikati: chembe, maji na hewa kwa pamoja. Huu wa katikati ndio uliowasumbua wataalamu muda mrefu kuliko mingine yote.

Msimamizi wa kazi ya kifusi hahitaji hadubini kuutambua. Mwangalieni akifika pale tipa lilipomwaga. Anachota, anafumba ngumi, anabana kwa nguvu zake zote, anafumbua. Udongo ukimwagika kama unga, mkavu mno, anaita boza la maji. Ukimwachia kiganja kinang'aa kwa tope, umezidi, rola litakwama au litausukuma mbele bila kuukaza. Ukitoka na alama za vidole vinne, kisha akauachia uanguke ukavunjika vipande viwili vitatu, anatikisa kichwa kukubali na greda linaanza kusambaza. Mwaka 1933 mhandisi Ralph Proctor wa Los Angeles aliueleza ujuzi huo wa ngumi kwa vipimo: ongeza maji kidogo kidogo na udongo unashindilika vizuri zaidi na zaidi, mpaka kiwango fulani, ukikipita, maji yanaanza kukalia nafasi ambazo chembe zingekaa, na kila tone linaloongezeka linaharibu kazi.

Sasa tuweke mzigo. Tafuteni bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Lijazeni maji yote, toeni kila povu, kisha zibeni mdomo wake kwa kidole na msukume kishikio. Sukumeni haswa. Hakiendi. Maji hayabanwi, yamechukua nguvu yako yote na kukurudishia kwenye kidole, unahisi yanavyotaka kutoka. Achia mdomo kidogo sana, maji yachirizike. Kishikio kinashuka, taratibu, kwa kasi ya maji yanavyopata njia. Ungekuwa umeweka springi ndani ya bomba hilo, ungeona maajabu zaidi: mwanzoni springi haibebi kitu, mzigo wote uko kwa maji; kadiri maji yanavyotoka springi inabanwa na kupokea mzigo; mwisho maji yametulia, hayasukumi tena, na springi imebeba kila kitu.

Springi hiyo ndiyo chembe za udongo. Mfano huu ni wa Terzaghi mwenyewe. Alifika Istanbul mwaka 1916 kufundisha, vita vikiwa vimepamba moto. Vita vilipokwisha akahamia Chuo cha Robert, kwenye mlima unaotazama mlango wa bahari wa Bosporus. Fedha za majaribio hazikuwepo, akaunda vyombo vyake kwa vitu vya kuokoteza, yakiwemo makasha ya sigara. Alikuwa akiweka kipande cha mfinyanzi uliolowa ndani ya pete, anatia mawe yanayopitisha maji juu na chini, anapandisha mzigo, halafu anasubiri na kuandika: kimeshuka kiasi gani, baada ya muda gani. Hesabu yake ilitoka mwaka 1923, na kitabu chake kikachapishwa Vienna mwaka 1925. Kabla yake watu walijua kwamba nyumba hutitia. Yeye akaonyesha kwamba nyumba hutitia kwa sababu maji yanatoka, na kwamba ukijua maji yatatoka kwa kasi gani unajua nyumba itatitia lini.

Hapo kuna jambo ambalo nikilieleza watu huniangalia kwa mashaka. Chukua tabaka la mfinyanzi uliojaa maji, unene mita 1, maji yanatokea upande wa juu tu. Tuseme linamaliza kujikaza baada ya mwaka 1. Tabaka la mita 2 litachukua muda gani? Mtasema miaka 2. Litachukua miaka 4. La mita 3, miaka 9. La mita 10, miaka 100. Sababu ni kwamba unene ukiwa mara mbili, maji ya kutoka ni mara mbili, na wakati huohuo safari ya kutoka nayo imekuwa ndefu mara mbili, kwa hiyo msukumo uleule unasukuma maji kwa unyonge. Mbili mara mbili. Ndiyo maana wanaojenga juu ya matope ya pwani hutoboa mashimo mengi karibukaribu na kuyajaza mchanga: hawapunguzi maji hata tone, wanayafupishia njia tu. Ukifanya njia kuwa fupi mara kumi, umeokoa muda mara mia.

Muda huo umewahi kuokoa jengo na umewahi kuliangusha. Mnara wa Pisa ulianza kujengwa mwaka 1173, ukafika ghorofa chache, kazi ikasimama karibu miaka 100. Wataalamu wa leo wanaamini kusimama huko ndiko kulikouponya: mfinyanzi wa chini ulipata nafasi ya kutoa maji na kujikaza kabla ya mzigo mwingine kuongezwa. Umeinama, ndiyo, lakini upo. Kule Chingford, karibu na London, mwaka 1937, hadithi ilikwenda kinyume. Tuta la bwawa lilikuwa linapandishwa kwa mitambo mipya yenye kasi ambayo wazee wa koleo na mikokoteni hawakuijua. Chini yake kulikuwa na utando wa mfinyanzi laini. Maji yake hayakupata muda. Yakabeba mzigo yenyewe, chembe zikabaki hazijabanana, na kipande cha tuta kikateleza kazi ikiwa bado inaendelea. Aliyeitwa kulisuka upya? Terzaghi. Mimi huwa nasema kasi ya katapila ndiyo iliyowalazimisha wahandisi kujifunza subira ambayo zamani walipewa bure na uchovu wa wafanyakazi.

Lakini wajukuu zangu, mpaka hapa nimewapa habari za udongo uliojaa maji. Tuta la Sasumua halikuwa hivyo lilipokuwa linajengwa. Rudini kwenye bomba lenu. Safari hii vuteni maji nusu na hewa nusu, zibeni mdomo, sukumeni. Kishikio kinaingia papo hapo! Ukiachia, kinarudi. Hakuna tone lililotoka, hakuna kusubiri, na bado kimeshuka. Hewa imejikunja. Msukumo wa jumla ukiwa mara mbili, hewa inabaki nusu ya nafasi yake.

Ndivyo kifusi kilivyo siku ya kwanza. Tipa linamwaga, greda linasawazisha tabaka jembamba, rola linapita mara kadhaa, na hewa inatoka kupitia vitundu vilivyo wazi. Inatoka upesi kwa sababu hewa ni nyepesi kupita kuliko maji, na wakati wa kushindilia maji karibu hayatoki kabisa. Hili huwashangaza wengi: rola halikamui udongo. Maji yaliyoingia na kifusi asubuhi bado yamo jioni, kilichopungua ni hewa. Ukiendelea kubana, vitundu vinakaribia kujaa, na maji yakishafikia kama asilimia 85 au 90 ya nafasi yote, hewa inakatiwa njia. Haina tena mlango wa nje. Inabaki mapovu yaliyotengana, kila moja limezungukwa na maji.

Tabaka la pili linakuja juu yake. La kumi. La hamsini. Yale mapovu ya chini yanabanwa, yanazidi kuwa madogo, na mengine yanaanza kuyeyuka ndani ya maji, maana maji yanaweza kumeza hewa ya kama asilimia 2 ya ujazo wake. Soda hufanya hivyohivyo ikiwa imefungwa, kwa gesi nyingine. Halafu inafika siku povu la mwisho limemezwa. Kuanzia hapo mna lile bomba la kwanza, la maji matupu, na kila tipa linalopanda juu linasukuma maji yaliyofungiwa chini. Mwaka 1948 mhandisi wa Marekani aitwaye Hilf, aliyekuwa katika idara ya serikali inayojenga mabwawa ya nchi za magharibi, alionyesha namna ya kukisia siku hiyo: ukijua hewa ilikuwa kiasi gani mwanzoni na udongo umeshuka kiasi gani, unaweza kupiga hesabu ya shinikizo la maji lililomo.

Sijamaliza na maji. Kuna kazi yake nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda.

Nendeni ufukweni, Bamburi au Kigamboni, popote. Mchanga mkavu haujengi nyumba, unamwagika. Mchanga uliozama majini nao haujengi. Mchanga mbichi, ule ambao wimbi limeuacha muda mfupi uliopita, unasimama ukuta, unatoboa dirisha, unaweka mlango. Kilichoongezeka ni nini? Gundi hakuna. Ni maji yaliyokaa kwenye kona ambapo chembe mbili zinagusana, na uso wa maji hayo umepinda kuelekea ndani. Uso uliopinda hivyo huvuta. Chembe zinavutwa moja kwa nyingine, kila mguso umekazwa, na ukuta unasimama. Mvuto huo tuuite mfyonzo.

Nguvu yake inategemea udogo wa kitundu. Katika mrija wa kipenyo cha milimita 0.1, maji hujipandisha yenyewe kama sentimita 30. Fanya mrija uwe mwembamba mara mia zaidi, milimita 0.001, na kwa hesabu yangepanda mita 30, urefu wa nyumba ya ghorofa kumi. Vitundu vya mfinyanzi vina wembamba wa aina hiyo na kuupita. Kwa hiyo maji yaliyo ndani ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri, kikiwa bado na hewa, hayasukumi chembe mbali. Yanazivuta. Yako upande wa mjenzi.

Mzigo ukiongezeka, hewa inapungua, vitundu vinajaa, zile nyuso zilizopinda zinanyooka. Mvuto unalegea. Unafika sifuri. Ukiongeza tena, unakuwa msukumo. Maji ni yaleyale, hayakuongezwa hata glasi moja. Jana yalilishikilia tuta, leo yanalisukuma lifunguke. Mhandisi anayejenga bwawa la udongo anaishi na mpito huo miezi yote ya kazi, naye hauoni kwa macho. Ndiyo maana huzika mirija na vipimo ndani ya tuta wakati wa ujenzi, na kila asubuhi mtu anakwenda kusoma shinikizo limefika wapi kabla matipa hayajaruhusiwa kupanda.

Mtaniuliza: si atie kokoto katikati, maji yatoke? Anatia, lakini sikilizeni maji yalivyo mkaidi. Udongo ukiwa bado una mfyonzo, maji hayaingii kwenye kokoto hata ukiyawekea mlango wazi. Vitundu vidogo vya mfinyanzi vinayashika kwa nguvu. Nafasi kubwa za kokoto hazina nguvu ya kuyavuta. Mfereji wa kokoto unakaa mkavu, na mtu asiyejua atasema umeziba. Siku mfyonzo unapokwisha na maji yanapoanza kusukuma, ndipo mfereji unaanza kudondosha. Tena, ndani ya udongo wenyewe, maji hupita pale tu yalipoungana na maji mengine. Kila kitundu chenye hewa ni daraja lililokatika. Ndiyo maana udongo usiojaa hupitisha maji kwa shida kuliko udongo huohuo ukijaa, na tofauti inaweza kufika mara elfu na zaidi.

Sasa mnaona kwa nini hesabu ya Terzaghi ya 1923 haikutosha hapa. Yeye alikuwa na msafiri mmoja, maji. Udongo wa vitu vitatu una wasafiri wawili, hewa na maji, wanaopishana njia zilezile, kila mmoja akimfungia au kumfungulia mwenzake. Mwaka 1979 Delwyn Fredlund wa Kanada, pamoja na mwenzake Hasan, waliandika hesabu mbili, moja ya hewa na moja ya maji, za kukokotolewa pamoja. Ilichukua zaidi ya nusu karne kutoka makasha ya sigara ya Istanbul mpaka hapo.

Wajenzi wa miaka ya 1950 hawakuwa na hesabu hizo. Wakati Sasumua inajengwa, kule Wales palikuwa na bwawa jingine la udongo, Usk, nchi ya mvua vilevile. Vipimo vilivyozikwa ndani ya tuta lake vilionyesha shinikizo la maji limepanda kuliko walivyotaka. Hawakuacha kazi, hawakubomoa. Walilaza tabaka za vitu vinavyopitisha maji ndani ya tuta, ulalo, moja huku nyingine juu zaidi, ili maji yaliyokwisha kuanza kusukuma yapate njia fupi ya kutokea. Mnakumbuka ile habari ya mbili mara mbili? Ndiyo waliyoitumia.

Na Sasumua? Terzaghi aliona kwamba udongo ule mwekundu unadanganya mizani ya maabara. Chembe zake za mfinyanzi, nyingi za madini yaitwayo haloisaiti, hazikai moja moja. Zimeshikamana zikawa vishada vidogo, vigumu, vyenye vitundu ndani yake. Maabara iliposugua udongo na kuuchanganya na dawa ili kuhesabu chembe, ilivipasua vishada na kutangaza mfinyanzi mtupu. Ilipoukausha kwenye tanuri, ikapata maji mengi, kwa sababu mengi yalikuwa ndani ya vishada na ndani ya madini yenyewe. Hayo si maji yanayozunguka kati ya chembe kuzitelezesha, yamefungiwa vyumbani. Tutani, kishada hufanya kazi ya punje. Vishada vinakwaruzana na kushikana, na kati yake maji yanapita vizuri kuliko ungetegemea kwa mfinyanzi. Kwa hiyo mzigo ulipoongezwa, chembe ziliupokea mapema, bila kungoja maji miaka na miaka.

Udongo wa aina hii upo mahali pengi penye miamba ya volkano na mvua, na nadhani bibi yeyote wa Kinangop anayelima viazi angeweza kumwambia mpimaji kwamba shamba lake halituamishi maji siku tatu. Lakini shuka kutoka milimani uende tambarare za Athi, au mbuga za Usukumani, ukutane na ule mweusi. Ule hauna vishada vya kusaidia. Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, mvua ikija unafura na kuinua sakafu, kuta zinachanika kona kwa kona. Chini ya nyumba nyepesi unasukuma juu, chini ya nzito unashuka. Mafundi huuchimba wakautupa, wakaleta changarawe, na mimi siwalaumu.

Kuna udongo wa tatu, mjanja kuliko yote. Afrika Kusini kuna michanga myekundu iliyolegea, ambayo ikiwa mikavu inabeba nyumba miaka mingi bila tatizo. Kisha bomba la maji linavuja chini ya sakafu. Hakuna aliyeongeza hata tofali moja, na nyumba inashuka ghafla. Jeremiah Jennings wa Johannesburg na mwenzake Knight waliueleza mwaka 1957: chembe zilikuwa zimekaa vibaya, zimeacha nafasi kubwa, na kilichozizuia zisianguke ni ule mfyonzo kwenye kona pamoja na utando mwembamba wa mfinyanzi unaozigandisha. Maji yakaja, mfyonzo ukafa, chembe zikaporomokeana. Jambo hili lilileta ubishi mkubwa. Mwingereza Alan Bishop alikuwa ametoa kanuni iliyojaribu kuunganisha mvuto wa maji na msukumo wa hewa kuwa namba moja, akaichapisha mwaka 1959. Kwa kanuni hiyo, mfyonzo ukiondoka udongo unapaswa kupumua na kufura. Mwaka 1962 Jennings na kijana aitwaye Burland wakaonyesha udongo unaofanya kinyume, unashuka. Namba moja haikutosha kueleza vitu vitatu.

Wajenzi wa mabwawa huogopa jambo hilohilo siku bwawa linapojazwa kwa mara ya kwanza. Kifusi kilichoshindiliwa kikiwa kikavu mno kinaonekana kigumu, rola linadunda juu yake, kila mtu ameridhika. Maji ya bwawa yakianza kupenya, upande wa mbele unashuka na wa nyuma umebaki juu, tuta linapata ufa. Mnaona sasa yule msimamizi anavyobana ngumi anatafuta nini: maji ya kutosha ili udongo ujikaze leo, usisubiri kujikaza siku ya mafuriko, lakini yasiwe mengi kiasi cha kuufungia hewa mapema.

Huko kushuka kwa udongo unapolowa mnaweza kukutazama kwa macho. Chukueni mchanga mkavu kilo 1, mwagieni maji mililita 50, changanyeni mpaka wote uwe mbichi. Umwageni ndani ya chupa pana ya kioo bila kuutikisa wala kuubonyeza, chora mstari mahali uso wake ulipofika. Mafundi wa zege wanaujua mchanga huu: umefura, ndoo inaonekana imejaa kumbe mchanga ni pungufu, ndiyo maana anayepima kwa ndoo siku ya mvua hupata zege lenye mchanga kidogo. Sasa mimina maji pembeni, polepole, mpaka yaufunike. Pima kwa rula umeshuka kiasi gani. Kisha rudia yote kwa mchanga mkavu kabisa, ambao haukutiwa tone kabla. Huo hautashuka kiasi kile, kwa sababu humo hapakuwa na mfyonzo wa kuachia.